Somo: Skrini inachelewa kweli? Pima kwa simu kabla hujanunua nyengine

Assalamu alaikum ndugu zangu. Hapa Unguja na Pemba wengi tunaunga kompyuta kwenye televisheni ya ukumbini, kisha tunalalamika kipanya kizito. Wapo wanaosema hizo ni hisia tu, jicho haliwezi kuona milisekunde 50 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Nawapinga. Jicho linalotazama tu halioni kitu, maana filamu ikichelewa pamoja na sauti yake huna cha kulinganisha. Mkono ukiwa kazini, mambo hubadilika. Buruta faili kwa mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde kwenye skrini inayochelewa milisekunde 100, na picha itakuwa sentimita 2 nyuma ya mkono wako. Hapo utaona tu.

Hatua ya 1. Hakikisha mkosa ni skrini. Herufi zikikwama kisha zikamiminika kwa pamoja, hiyo ni kompyuta imeelemewa. Skrini huchelewa kwa kiasi kile kile, asubuhi hadi jioni.

Hatua ya 2. Pima, na hapa msiwe na haraka. Weka simu kwenye video ya mwendo wa pole, picha 240 kwa sekunde, pahala inapoona kipanya na skrini kwa pamoja. Rekodi huku ukikigonga kipanya ubavuni kwa kidole. Kisha rudisha video picha moja moja: hesabu tangu kipanya kilipotikisika mpaka mshale ulipoondoka. Kila picha ni kama milisekunde 4.2, kwa hiyo picha 24 ni milisekunde 100. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, kwa sababu skrini ya Hz 60 (mara 60 kwa sekunde) hubadilisha picha kila milisekunde 16.7 na pigo lako linaweza kuangukia popote katikati.

Namba hiyo ina kipanya na kompyuta ndani yake. Ili uijue sehemu ya skrini, hamishia waya kwenye monita nyengine, kompyuta na kipanya vile vile, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tofauti ya skrini zenyewe.

Hatua ya 3. Rekebisha. Televisheni hupoteza muda ikiipamba picha kabla ya kuionesha, basi ingia kwenye mipangilio yake uwashe hali ya Game (ya michezo) au PC (ya kompyuta). Mara nyingi tatizo huishia hapo. Halafu tazama kwenye Windows kama inatoa Hz 60. Televisheni ya 4K (nukta 3840×2160) kwenye HDMI 1.4, toleo la zamani la muunganisho wa HDMI, huishia Hz 30. Shusha picha hadi nukta 1920×1080 upate 60.

Na ile "1 ms" (milisekunde 1) iliyoandikwa kwenye boksi la monita ni muda wa nukta kubadili rangi. Msiinunue mkidhani ndiyo ucheleweshaji wote.

MASWALI

Wa Wete: Maalim, mie naandika barua na hesabu za duka tu. Ninunue ya Hz 144?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Picha itabadilika kila milisekunde 6.9 badala ya 16.7, na kurasa zitateleza vizuri zaidi, lakini barua haitakwisha mapema. Kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Wa Jang'ombe: Vijana wanaocheza mpira wa gemu kwangu wanaikimbia tivii moja, wanasema pasi zinachelewa. Wanasingizia?

Jibu: Waamini. Washa Game, kisha wabadilishie tivii bila kuwaambia ipi ni ipi. Ikiwa wanacheza na watu wa mbali, intaneti nayo ina ucheleweshaji wake, na tivii haiuponyi.

Wa Chake Chake: Shikamoo Maalim. Simu yangu mwisho picha 120.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hesabu milisekunde 8.3 kwa kila picha. Inatosha kabisa kuikamata tivii inayochelewa milisekunde 80, ila usiitumie kuamua kati ya monita mbili zinazopishana milisekunde 5.