Kupima kama protini ya bakteria inachangia ugonjwa wa nguruwe

Protini inayoonekana kwa bakteria waliotoka kwa nguruwe wagonjwa na kukosekana kwa waliotoka kwa wazima inastahili kushukiwa, lakini haijathibitishwa kosa. Mwaka 1988 Stanley Falkow, mtaalamu wa bakteria wa Marekani, aliweka kipimo ambacho bado tunakifuata: jeni ikiondolewa ugonjwa upungue, na ikirudishwa ugonjwa urudi. Nitatumia mfano wa Streptococcus suis, anayeishi katika mafindofindo ya nguruwe na kuwasababishia, hasa walioachishwa kunyonya, homa ya uti wa mgongo na uvimbe wa viungo. Bakteria huyu huambukiza watu pia na huweza kuwaachia uziwi, kwa hiyo usimshike bila glavu.

Hatua ya kwanza: Ondoa jeni husika bila kuvuruga jeni zinazoifuata. Thibitisha kwa PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane, na kwa kusoma mpangilio wa DNA, kisha kwa kingamwili kwamba protini yenyewe haitengenezwi tena.

Hatua ya pili: Irudishe jeni hiyo. Wengi huiruka hatua hii kwa kuogopa gharama, nami naiona ndiyo roho ya jaribio, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua kama bakteria amedhoofika kwa kukosa protini au kwa hitilafu nyingine iliyotokea wakati wa kukata. Ukiiweka kwenye plasimidi, yaani kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, kumbuka kwamba ndani ya nguruwe hakuna dawa ya kumlazimisha bakteria kuihifadhi, na huenda akaitupa kabla ugonjwa haujaanza. Ni salama zaidi kuirudisha mahali pake kwenye kromosomu.

Hatua ya tatu: Otesha aina zote tatu, yaani mzazi, aliyeondolewa jeni na aliyerudishiwa, na uhesabu makoloni kila saa. Anayekua polepole maabara ataonekana mpole kwa nguruwe hata kama protini haina hatia.

Hatua ya nne: Ukishapata kibali cha kamati ya maadili, tumia nguruwe wenyewe, si panya. Aina iliyokosa suilisini, sumu ya bakteria huyu inayotoboa seli, ilishindwa kuua panya, ilhali kwa nguruwe ilipungua makali kidogo tu. Chagua wasio na bakteria hao, gawa watoto wa kila jike kwa kura katika makundi yote, na weka kundi lisiloambukizwa. Hapa Tanga, joto la Januari na Februari hupandisha joto la mwili wa nguruwe asiyeumwa. Pima joto lao alfajiri, saa ileile, kuanzia siku kadhaa kabla ya kuambukiza. Amua mapema dalili zitakazokulazimu kumuua mnyama bila maumivu ili asiteseke.

Hatua ya tano: Anayekagua ubongo, viungo na damu asijue mzoga ni wa kundi gani. Makundi yote yakiugua sawasawa, chunguza kwanza kipimo cha bakteria ulichowapa, kwani kikizidi mno huzamisha tofauti ndogo, kisha uangalie kama ipo protini nyingine inayofanya kazi hiyohiyo.