Mchuzi wa changu wakati wa kusi, paka akiwa jikoni

Julai kusi likivuma Mombasa, na mvua ya rasharasha juu yake, mie hupika samaki aina ya changu wa nazi. Ikune nazi, kamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, uliweke kando, kisha ukamue tui jepesi. Hilo jepesi ndilo la kuchemshia kitunguu, nyanya, thomu (kitunguu saumu) na bizari, halafu samaki aliyekaangwa. Kasimile litie mwisho, moto mdogo, ukoroge polepole bila kuacha. Likichemka kwa nguvu hukatika, mchuzi ukawa vipande na mafuta. Ndimu baada ya kuepua.

Paka wangu hulala kando ya jiko la makaa, kwa hivyo dirisha liwe wazi hewa ya makaa itoke, hata kukiwa na baridi. Mchuzi usimpe: kitunguu na thomu ni sumu kwake. Mchemshie kichwa cha samaki kwa maji matupu, ukitoe miba yote. Atalalamika tu.