Hisabati ya juu kwa uhandisi na fizikia: ubane mlinganyo mmoja mpaka useme

Wanafunzi wengi husoma hisabati ya chuo kwa kukariri mbinu: mlinganyo wa sura hii hutatuliwa hivi, wa sura ile vile. Mtihani wa hisabati wanaweza kuufaulu. Kasheshe huanza kwenye somo la mitetemo au la saketi, ambako hakuna anayekunong'oneza mbinu ya kutumia. Mimi huwapa wanafunzi wangu mlinganyo mmoja tu na kuwataka waumalize kabla ya kufungua sura nyingine. Huu hapa, wa kitu kilichofungwa kwenye springi huku kuna kitu kingine kinachokinza mwendo wake:

mx″ + cx′ + kx = 0

Herufi x ni umbali kutoka mahali pa utulivu, x′ ni kasi, x″ ni mchapuko. Herufi m ni masi ya kitu, c ni kiasi cha ukinzani wa mwendo, k ni ugumu wa springi.

Hatua ya 1: Kagua vizio

Usitatue chochote bado. Vipande vyote vitatu lazima viwe kani, yaani newton, au kg·m/s². Kwa hiyo k ni kg/s², na c ni kg/s. Sasa gawanya k kwa m, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata kizio cha 1/s. Tayari umeshajua mtetemo utakuwa na wepesi gani, na hujatatua kitu. Angalia pia √(mk): kizio chake ni kilekile cha c. Iweke akilini, tutaihitaji.

Hatua ya 2: Tatua kwa mkono, kwa namba

Jaribu x = e^(rt). Tunaichagua hiyo kwa sababu ukitafuta derivativu yake inarudi yenyewe, imezidishwa na r tu. Ukiiingiza, e^(rt) inafutika kote na unabaki na aljebra ya sekondari:

mr² + cr + k = 0

Weka m = 2, c = 4, k = 200. Utapata r = −1 ± 9.95i. Wengi wakiona i (kipeuo cha pili cha −1) huandika jibu haraka na kukimbia. Tulia hapo. Sehemu halisi, −1, ndiyo inayofifisha mtetemo: baada ya sekunde 3 umebaki e⁻³, kama asilimia 5 ya ukubwa wa mwanzo. Sehemu ya kufikirika, 9.95, ndiyo inayotetemesha: mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.63 hivi. Namba changamano moja imebeba habari mbili za kitu halisi.

Hatua ya 3: Sukuma c mpaka mwisho wake

Hapa ndipo uelewa unapojengeka, na ndipo vitabu vingi hupita mbio. Weka c = 0: r = ±10i, mtetemo usiokoma. Weka c = 40, ambayo ni 2√(mk) kamili: mizizi miwili, yaani thamani mbili za r, inaungana kuwa −10 na mtetemo unapotea. Sasa weka c = 400. Kabla ya kukokotoa, andika unachotarajia. Karibu kila mtu huandika kwamba kitu kitarudi mahali pake haraka zaidi. Kokotoa: mizizi ni karibu −0.5 na −199.5. Ule wa −0.5 ndio unaotawala, kwa hiyo kitu kinajikokota kurudi, polepole kuliko c ilipokuwa 40. Ukikinza mwendo kupita kiasi, unazuia hata kurudi kwenyewe.

Hatua ya 4: Ipe kompyuta, lakini usiiamini

Andika programu fupi ya Python kwa mbinu ya Euler, yaani kusogea hatua ndogondogo za muda kwa kutumia kasi na mchapuko wa mwanzo wa kila hatua, ukirudi kwenye c = 4. Tumia hatua za sekunde 0.01. Baada ya sekunde 3, programu itakuambia ukubwa uliobaki ni kama asilimia 22. Lakini mkono ulishasema 5! Programu haina kosa la kuandika. Mbinu yenyewe huongeza nishati kidogo kila hatua. Punguza hatua ziwe 0.001 na utapata karibu asilimia 6. Mwanafunzi asiyepitia hatua ya 2 angeikubali ile 22 na kuichorea grafu nzuri yenye rangi.

Hatua ya 5: Badili somo, acha mlinganyo

Saketi yenye koili (L), kikinzani (R) na kapasita (C) huandikwa hivi, q ikiwa chaji:

Lq″ + Rq′ + q/C = 0

L imekaa mahali pa m, R mahali pa c, 1/C mahali pa k. Huna jipya la kukariri.

Kuhusu mpangilio wa masomo sitasema mengi. Aljebra ya mstari itangulie, kwa sababu ukifunga vitu viwili kwa springi tatu mlinganyo unageuka kuwa matriki, yaani jedwali la namba. Ukifunga vingi mno unafika kwenye mlinganyo wa wimbi, na hapo msururu wa Fourier, yaani jumla ya mawimbi ya sine na kosine, unakuja wenyewe.

Zoezi: L = 0.1 henry, C = mikrofaradi 10. Tafuta R ambayo mtetemo unapotea, bila kutatua upya. Ukipata ohm 200, na mizizi yote miwili ikiwa −1000, endelea na R = 20 na utabiri kwanza ni muda gani utapita kabla chaji haijafifia hadi asilimia 5.