Jinsi ya kusoma habari za roketi za kampuni binafsi na hela za serikali ya Marekani

Wakuu, kila SpaceX, kampuni ya tajiri Elon Musk, wakirusha roketi mabishano kijiweni Kariakoo ni yaleyale, mmoja anasema tajiri anachezea hela zake, mwingine anasema hapana ile ni kodi ya Wamarekani. Ukitaka kuelewa usianze na jina la tajiri, anza na mkataba.

Uliza hivi, gharama zikizidi nani anaumia? Ni kama unajenga Goba, kuna fundi mnapatana kazi nzima na kuna fundi unamlipa kwa siku, huyu wa kwa siku kazi ikichelewa yeye hana hasara. NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, wanayo mikataba ya aina zote mbili. 2014 walipatana bei kamili ya kupeleka wanaanga kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, Boeing dola bilioni 4.2, SpaceX bilioni 2.6. SpaceX wakabeba watu Mei 2020. Boeing wakabeba Juni 2024, chombo chao Starliner kikaleta hitilafu kikarudi kitupu, wale wanaanga wawili wakaja kurudishwa na chombo cha SpaceX Machi 2025, na hasara ya zaidi ya bilioni 1.5 wameibeba Boeing wenyewe. Ila na bei kamili nayo uichunguze, maana 2019 mkaguzi mkuu wa NASA alionyesha Boeing waliongezewa kama milioni 287 juu ya walichopatana. Yaani ripoti ya mkaguzi itafute kama tunavyoitafuta ya CAG huku kwetu, humo ndo kuna vitu.

Sasa SLS, roketi kubwa ya kwenda mwezini, yenyewe mikataba mikubwa ni ya kulipwa gharama halafu na faida juu. Mkaguzi huyohuyo 2022 alikadiria kila safari moja kati ya zile nne za mwanzo za Artemis, mpango wa NASA wa kurudisha watu mwezini, ni bilioni 4.1, na hapo hajaweka gharama za kuibuni! Mbona haifutwi? Angalia ajira ziko wapi: Alabama, Louisiana, Mississippi, Utah. Mbunge gani atakubali kiwanda cha jimboni kwake kifungwe?

Halafu tofautisha pendekezo na hela yenyewe, hapa ndo wengi wetu tunapotea. Sisi bajeti ikishasomwa Dodoma tunajua imepita, Bunge likiikataa Rais anaweza kulivunja. Kule Rais anaomba tu, Congress, yaani bunge lao, ndo wanaamua. 2025 White House walitaka NASA ishuke kutoka karibu bilioni 24.8 mpaka 18.8 na SLS iishie Artemis III, yaani safari ya tatu, Julai mwaka huohuo Congress wakapitisha bilioni 4.1 za SLS kwa ajili ya Artemis IV na V, na Rais akasaini. Kwahiyo ukikuta kichwa cha habari NASA yakatwa bajeti, shuka chini uone ni ombi au ni sheria iliyosainiwa, kama haijasemwa usiifowadi kwenye magrupu kwanza.