Kufunga Mbao za Ukutani Zisidondoke Ardhi Inapotikisika

Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi mkoani Kagera, hasa za matofali yasiyofungwa kwa mkanda wa zege unaozunguka kuta kwa juu. Anayetaka kupamba sebule yake kwa mbao huko Bukoba aanze kwa kuukagua ukuta wenyewe, kwa kuwa mbao haziwezi kuwa imara kuliko kilichozibeba. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, au kona ambayo kuta mbili zimeachana, zirekebishwe kwanza. Kuzifunika kwa mbao ni kujinyima nafasi ya kuona zinavyoongezeka.

Ukuta wa tofali bichi usitobolewe kabisa. Hapo isimamishwe fremu ya mbao inayojitegemea, ishikizwe kwenye sakafu ya zege chini na kwenye linta au mkanda wa zege juu, ikiwa upo. Kwa tofali la kuchoma, papi, yaani vipande virefu vya mbao vya inchi 2 kwa 2, hufungwa ukutani kila baada ya sentimita 40 hivi, zikiwa wima ikiwa mbao zitalazwa, na zikiwa za kulala ikiwa mbao zitasimama. Toboa katikati ya tofali, wala si kwenye kiungo cha udongo au saruji hafifu, na uzime mdundo wa drili, kwa sababu tofali zetu nyingi hupasuka kwa ndani bila fundi kujua. Plagi, yaani kile kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, ipite lipu yote na kuingia kwenye tofali angalau sentimita 5. Papi ya kwanza ikishafungwa, ivute kwa nguvu zako zote kabla ya kuendelea: plagi ikizunguka au vumbi likimwagika, badili mahali. Ukuta wa bloku zenye uwazi nao hauzishiki vizuri plagi za kawaida. Ni afadhali bolti inayopenya ukuta mzima, yenye washa (kisahani cha chuma) pana upande wa pili.

Wapo mafundi wanaobandika mbao kwa gundi peke yake, na kazi yao hupendeza macho. Gundi hiyo, hata iwe kali namna gani, imeshika lipu, na lipu ndiyo hubanduka mapema ukuta unapotikiswa, ikashuka pamoja na ubao wake. Gundi itumike kama msaada tu. Misumari laini hupinda bila kukatika lakini huchomoka mtikisiko unaporudiarudia. Skrubu hazichomoki kwa urahisi, ila zile nyeusi za kufungia jipsamu ni ngumu na hukatika ghafla. Nunua skrubu za mbao zenye urefu wa mara 2 na nusu hadi 3 ya unene wa ubao, na utangulize tundu jembamba ili ubao usipasuke.

Mbao za paini zikae ndani ya chumba hicho wiki moja au zaidi kabla ya kufungwa, maana hewa ya kando ya ziwa ina unyevu. Acha nafasi ya milimita 10 juu, chini na kwenye kona, ili kuta mbili zinapocheza kila mmoja kwa upande wake zisisukumane kupitia mbao. Mbao za kufunikia nafasi hizo zipigiliwe upande mmoja tu, kamwe si pande zote mbili. Paneli zinazoning'inizwa kwenye ndoano au reli zizuiwe kwa skrubu, kwani mtikisiko wa kwenda juu unaweza kuziinua zikatoka. Juu ya kichwa cha kitanda na mlangoni mimi nisingeweka kitu kizito, hata kikiwa kimefungwa vizuri.

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kutoboa karibu na soketi. Mwisho, paneli moja karibu na kila kona ifungwe kwa skrubu zinazoonekana, bila gundi, ili baada ya tetemeko, hata dogo, iweze kufunguliwa na ukuta wa nyuma ukaguliwe kwa tochi.