Bendi ya roki isiyo na lebo: yaandikeni mapema

Mimi ni mpiga besi, na katika bendi yetu ndiye ninayeshika daftari la hela. Kutunga sitakufundisha. Nitakueleza namna ya kuivusha bendi kipindi simu za mapromota zinaponyamaza, maana kipindi hicho kitakuja tu.

Mgao wa wimbo uandikwe siku ileile wimbo unapokamilika: nani katunga maneno, nani mahadhi, nani ana asilimia ngapi. Wote wasaini, kila mtu abaki na nakala. Wimbo ukishapendwa, kila mtu hukumbuka vyake. Yule aliyesema "mimi nimegonga dramu tu" huanza kudai kiitikio. R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, walizoea kuandika nyimbo zao kwa majina ya wanachama wote, na bendi ikadumu tangu 1980 hadi 2011, ingawa mpiga dramu alijitoa 1997. Si lazima muwaige, lakini amueni.

Hela ya shoo ikiingia, ondoeni kwanza usafiri, fundi mitambo, nyuzi na vijiti. Inayobaki, sisi watu wanne tunaigawa mafungu matano. La tano ni la bendi. Mpiga gitaa wetu hununa kila tukifika hapo. Ananuna, anachukua chake, tunaendelea. Fungu hilo ndilo hulipia studio msimu wa ukame.

Lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kutoa muziki, ikija, ulizeni masta (rekodi halisi za nyimbo) zitakuwa za nani na kwa miaka mingapi. Malipo ya awali si zawadi, yatakatwa kwenye mauzo yenu. Mwaka 2001 lebo ya Wilco, bendi nyingine ya Marekani, iliikataa albamu yao. Wakaondoka na masta, wakaiweka intanetini watu wasikilize bure, na 2002 ikatolewa na lebo nyingine, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ileile! Bila masta mkononi wangeambulia nini?

Kuna usiku mtakuta watu kumi ukumbini. Pigeni shoo kamili, ila punguzeni amplifaya: ukumbi mtupu hauna miili ya kunyonya sauti, na matoazi yatawakata watu masikio. Waiteni wasogee jukwaani.

Jina la bendi nalo liandikiwe: mtu akijitoa, linabaki kwa nani? Mazungumzo haya yana aibu yake, kwa hiyo yafanyeni baada ya mazoezi yaliyonoga, kabla mtu hajafungasha gitaa lake.