Mtoto wa Miaka 7 Asiyependa Kuandika: Umdai Kiasi Gani?

Kwa mtoto wa umri huu anayesomea nyumbani, mimi hudai sentensi mbili au tatu kwa siku, dakika 10 hivi, basi. Insha ya ukurasa mzima isubiri.

Kutunga na kuandika kwa mkono ni kazi mbili. Usimtwike zote kwa pamoja. Mwanangu hapa Buruburu, Nairobi, hunisimulia jinsi makanga wa matatu alivyogombana na abiria kuhusu chenji, nami naandika neno kwa neno (matusi naruka). Kisha huchagua sentensi moja aipendayo, akainakili kwa hati safi.

Siku nyingine namwachia aandike orodha ya kwenda kwa mama mboga: sukuma, dania, nyanya. Tahajia tunasahihisha kesho yake. Mkono ukimuuma au herufi zikianza kulewa, funga daftari hata kama hajamaliza.